Afasia: Tusimnyang'anye Mgonjwa Neno Lake

Mara nyingi katika kurasa hizi tunazungumza juu ya malaria, kuhara, chanjo na lishe ya watoto. Somo la leo linahusu tatizo lisilo na homa wala kidonda, ambalo wengi wetu tumeliona kwa jirani bila kujua jina lake. Mtu mzima aliyekuwa anaongea vizuri jana, leo anataka kusema "maji" na mdomo unatoa "meza". Anamwita mke wake kwa jina la dada yake. Anaulizwa ana watoto wangapi, anajibu "wawili", huku ananyoosha vidole vitano. Tatizo hilo linaitwa afasia.

Ukimaliza kusoma somo hili utaweza:
- kueleza afasia ni nini na inatokana na nini;
- kutambua dalili za kiharusi na kufanya haraka;
- kuzungumza na mtu mwenye afasia kwa njia inayomsaidia;
- kusaidia nyumba yenye mgonjwa wa namna hii, hasa kuhusu kazi na mambo ya ofisini.

1. AFASIA NI NINI?

Afasia ni kupungukiwa au kupotewa na uwezo wa kutumia lugha kwa sababu ubongo umeumia. Inagusa mambo manne: kusema, kuelewa yanayosemwa, kusoma na kuandika. Mmoja huguswa kidogo tu, anatafuta majina ya vitu na watu. Mwingine hubaki na neno moja au mawili.

Ubongo una pande mbili. Kwa watu wengi kazi ya lugha hufanyika zaidi upande wa kushoto. Upande huohuo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia. Ndiyo maana mara nyingi utaona mtu mwenye afasia ana udhaifu pia wa mkono au mguu wa kulia.

Jambo hili limejulikana kwa madaktari tangu zamani. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alikutana, katika hospitali moja ya Paris, na mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alikuwa na silabi moja tu: "tan". Akiulizwa lolote, alijibu "tan, tan", akiongeza ishara za mkono. Hata hivyo alielewa mengi aliyoambiwa. Alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake, akakuta umeharibika sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Mwaka 1874 daktari Mjerumani Carl Wernicke alieleza aina nyingine: mgonjwa anaongea kwa wingi na bila kukwama, lakini maneno hayaleti maana, na yeye mwenyewe haelewi vizuri anachoambiwa.

Basi, ndugu msomaji, kumbuka sura hizi mbili. Yuko anayeelewa mengi ila maneno hayatoki. Yuko ambaye maneno yanatoka mengi ila kuelewa ndiko kuna shida. Na wako walioguswa pande zote mbili. Kabla ya kumsaidia mtu, jaribu kujua yeye yuko wapi.

2. INATOKANA NA NINI?

Sababu kubwa ni kiharusi, ambacho wengi wetu tuliotoka Kongo na Burundi tunakiita AVC. Kiharusi hutokea pale mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka. Sehemu ya ubongo inakosa damu na kuanza kufa. Karibu mtu mmoja kati ya kila watatu wanaopata kiharusi hupata afasia.

Sababu nyingine ni jeraha la kichwa, kama vile risasi, panga, kipigo au ajali ya pikipiki. Uvimbe ndani ya ubongo. Na maambukizi yanayofika kwenye ubongo. Kwa hiyo afasia si ya wazee peke yao. Kijana aliyepigwa kichwani wakati wa kukimbia vita anaweza kuwa nayo, hata mtoto.

Ukiona mojawapo ya dalili hizi imetokea ghafla, usingoje asubuhi:
- uso umepinda, mdomo umeenda upande mmoja;
- mkono au mguu wa upande mmoja umelegea;
- maneno yamevurugika, au mtu haelewi unachomwambia.

Mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku. Kumbuka saa ambayo alionekana mzima mara ya mwisho, kwa sababu mganga atakuuliza. Usimpe chakula, maji wala dawa kwa mdomo mpaka apimwe kama anaweza kumeza vizuri, maana anaweza kupaliwa. Usimpe aspirini kwa kujiamulia: kama mshipa umepasuka, dawa hiyo inaweza kuongeza kuvuja kwa damu. Kama amezimia lakini anapumua, mlaze kwa ubavu. Na ikiwa dalili zimeisha zenyewe baada ya dakika chache, nenda hata hivyo. Hiyo ni onyo kwamba kiharusi kikubwa kinaweza kuwa njiani.

3. AFASIA SI WAZIMU WALA UKAIDI

Katika kutembelea nyumba kwa nyumba, sisi wahamasishaji wa afya husikia maelezo mengi. "Amerogwa." "Ana pepo." "Amerukwa na akili." "Anajifanya, mbona jana aliimba kanisani?" Hatumdharau mtu kwa imani yake. Familia inayotaka kumwombea mgonjwa wake na imwombee. Lakini maombi na kituo cha afya vinaweza kwenda pamoja, na katika siku ya kwanza kituo cha afya kitangulie.

Hebu tulijibu hilo swali la kuimba. Kuna maneno ambayo ubongo umeyazoea mpaka hutoka yenyewe kama maji ya bomba: salamu, kuhesabu moja mpaka kumi, siku za juma, sala, nyimbo. Hayo mara nyingi hubaki hata pale ambapo mtu hawezi kutunga sentensi mpya. Kwa hiyo mama anaweza kuimba wimbo wa kwaya mstari kwa mstari, kisha ukimuuliza "Unataka uji au chai?" akakosa la kusema. Hajifanyi. Kuimba wimbo wa zamani na kutunga jibu jipya ni kazi mbili tofauti kwa ubongo.

Matusi nayo ni ya kundi hilohilo. Yako majumbani ambamo mzee wa heshima, hata shemasi, anatoa tusi mbele ya wakwe baada ya kuugua. Familia inaona aibu na kumficha ndani. Jueni kwamba neno hilo halitoki kwa kutaka. Mkimficha, mnampotezea watu wa kuongea nao, na kuongea ndiyo dawa yake kubwa.

4. SISI WENYE LUGHA NYINGI

Hapa kambini mtu mmoja anaweza kuwa na lugha tatu au nne. Alizaliwa kwa Kibembe au Kifuliiru au Kirundi, akafanya biashara kwa Kiswahili, akasoma kwa Kifaransa. Afasia inapokuja, je, lugha zote hupotea sawasawa?

Si lazima. Mwaka 1895 daktari Mfaransa Albert Pitres aliandika juu ya wagonjwa wenye lugha nyingi, akaona kwamba mara nyingi lugha iliyokuwa ikitumika zaidi kabla ya ugonjwa ndiyo inayotangulia kurudi. Wengine hurudiwa kwanza na lugha ya utotoni. Wengine lugha zote hurudi pamoja, polepole. Wengine huchanganya lugha mbili katika sentensi moja bila kutaka.

Kwa hiyo, jaribuni lugha zote. Mganga akimuuliza papa kwa Kiswahili na asijibu, msiseme upesi kwamba haelewi. Mwite dada yake mkubwa amsemeshe Kibembe. Na mkiona lugha mojawapo ina nafuu, mwambieni mganga na watu wa ofisini, maana hiyo ndiyo lugha ya kumhoji.

5. MFANO WA KUJIFUNZIA: CHEREHANI YA PAPA

Tuchukue mfano wa nyumba moja. Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo, lakini mambo yaliyomo hutokea.

Papa ni fundi cherehani. Cherehani yake ndiyo inayoleta chumvi, sabuni na daftari za watoto. Anapata kiharusi. Baada ya wiki kadhaa anatembea, mkono wa kulia una udhaifu kidogo, lakini maneno yamebaki machache: "kesho", "mama", "hapana hapana". Wateja wanakuja kuulizia nguo zao, anajibu "kesho". Wanakasirika na kwenda kwa fundi mwingine.

Mdogo wake anasema: "Kaka hawezi tena kazi. Tuuze cherehani, pesa imsaidie mgonjwa." Wanamuuliza papa mbele ya mnunuzi: "Tuuze?" Anajibu kwa nguvu: "Kesho! Kesho!" Wanaelewa kwamba amekubali iuzwe kesho. Usiku papa hali chakula. Anapiga meza, analia. Mke anasema ugonjwa umemfika kichwani.

Binti yake wa kidato cha pili ndiye anayetulia. Anazima redio, anawatoa watoto nje, anakaa mbele ya baba yake. Kwanza anampima kwa maswali ambayo jibu lake linajulikana. "Papa, mimi ni binti yako?" Anatikisa kichwa kukubali. "Papa, sasa tuko sokoni?" Anakataa. Binti anajua sasa kwamba ndiyo yake ni ndiyo na hapana yake ni hapana. Kisha anaweka upande mmoja noti ya pesa, upande mwingine mkasi na kipande cha kitambaa. Anauliza polepole: "Papa, unataka tuuze cherehani?" na kugusa noti. "Au unataka ibaki?" na kugusa mkasi. Papa anaisukuma noti mpaka inaanguka, anaushika mkasi na kuuweka kifuani. Binti anarudia swali kwa kugeuza mpangilio, ili awe na hakika. Jibu ni lilelile.

Ndugu msomaji, tazama vizuri. Katika nyumba hii hapakuwa na mtu mbaya. Mdogo wake alitaka kusaidia, mke wake alikuwa amechoka. Lakini kama mashine ingeuzwa, papa angepoteza kazi yake kwa neno ambalo hakulisema. Ndiyo maana somo hili linasema tusimnyang'anye mgonjwa neno lake. Afasia imemchukulia njia ya kusema. Yale anayoyataka bado anayo.

6. KANUNI ZA KUZUNGUMZA NAYE

Haya ndiyo aliyoyafanya yule binti, pamoja na mengine. Yasome na wote walio nyumbani:

- Punguza kelele. Zima redio. Watu wasiongee kwa pamoja.
- Kaa mbele yake, akuone uso.
- Sema polepole kwa sentensi fupi, lakini kwa sauti ya kawaida. Yeye si kiziwi.
- Mwongeleshe kama mtu mzima. Papa abaki Papa, mzee abaki mzee. Usimsemeshe kama mtoto mchanga.
- Uliza swali moja kwa wakati mmoja. "Unaumwa kichwa?" ni rahisi kuliko "Umelalaje, umekula, na kichwa kinakuaje?"
- Mpe muda. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kusema tena. Usimmalizie sentensi ila akikuomba msaada.
- Tumia mikono, kuonyesha kitu, kuchora kwenye vumbi au karatasi. Yeye naye aachwe atumie hivyo hivyo.
- Pima ndiyo na hapana kwa maswali unayoyajua, kama ya yule binti, kabla ya kuuliza jambo kubwa.
- Rudia ulichoelewa: "Umesema unataka kwenda kwa shangazi, ndivyo?" Kama hujaelewa, sema wazi kwamba hujaelewa. Usijifanye umeelewa.
- Usimzungumzie mbele yake kana kwamba hayupo.

Tengenezeni daftari la picha. Chukua daftari la shule, chora au bandika picha za vitu vya kila siku: maji, chakula, choo, kitanda, dawa, maumivu, kanisa au msikiti, soko, sura za watu wa nyumbani. Andika jina chini ya kila picha. Hata kama mgonjwa hakujua kusoma, picha zitamtosha. Daftari hilo akae nalo yeye, lisitundikwe ukutani.

7. MAZOEZI YA NYUMBANI

Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache sana katika nchi zetu. Lakini mazoezi mengi yanaweza kufanyika nyumbani. Nafuu kubwa huonekana zaidi katika wiki na miezi ya mwanzo. Baada ya hapo mwendo hupungua, lakini haukomi, na wako wanaoendelea kupata maneno mapya baada ya miaka.

Fanyeni mazoezi mafupi mara kadhaa kwa siku, wakati hajachoka, kwa mfano robo saa asubuhi na robo saa jioni:
- Hesabuni pamoja, tajeni siku za juma, semeni sala anayoijua. Kisha nyamaza katikati, umwache amalizie.
- Imbeni nyimbo anazozijua, polepole, akipiga pigo kwa mkono wa kushoto.
- Shika kitu, sema jina lake, naye arudie: sufuria, kisu, sabuni.
- Mwache asalimiane na wapita njia.
- Mwache afanye kazi za nyumbani anazoziweza, huku mkizitaja: "Tunachambua maharage. Hili jiwe. Hili haragwe."

Akikasirika au kulia, pumzikeni. Msimlazimishe kusema mbele ya wageni ili kuonyesha maendeleo.

8. KAZI BAADA YA AFASIA

Hapa ndipo maumivu makubwa yalipo. Mtu hujitambulisha kwa kazi yake. Mwalimu, mkalimani, mchungaji, muuza soko, wakala wa pesa za simu, wote hula kwa ulimi. Ulimi ukikwama, chakula na heshima vinatikisika pamoja.

Ukweli ni kwamba si kila mtu atarudi kwenye kazi yake ya zamani. Mkalimani anayekosa maneno hawezi kusimama kati ya mganga na mgonjwa, maana kosa moja linaweza kuumiza. Mwenye afasia anaweza pia kukosea namba, kwa hiyo asiachwe peke yake na pesa mpaka apimwe kama hesabu imebaki. Lakini kazi haiundwi na jambo moja. Ivunje vipande, uulize: kipande gani bado anakiweza?

Yule fundi wetu bado anajua kupima, kukata na kushona, maana ujuzi wa mikono hukaa mahali pengine katika ubongo. Asichoweza ni kuzungumza na wateja. Basi binti au mke akae naye saa mbili za jioni, apokee wateja, aandike jina, kipimo, bei na siku ya kuchukua. Mama muuza nyanya anaweza kupanga mafungu yenye bei moja na kuandika bei kwenye kibao, ili mteja aone bila kuuliza. Mwalimu anaweza kusahihisha hesabu au kutunza bustani ya shule kabla ya kurudi mbele ya darasa, kama atarudi.

Tuone mfano wa mtu anayejulikana. Tarehe 8 Januari 2011, huko Tucson nchini Marekani, mbunge Gabrielle Giffords alipigwa risasi ya kichwa alipokuwa akikutana na wananchi. Watu sita walikufa siku hiyo. Risasi ilipita upande wa kushoto wa ubongo wake, akapata afasia na udhaifu wa upande wa kulia. Alianza upya kutafuta maneno, na nyimbo zilikuwa sehemu ya mazoezi yake. Januari 2012 alijiuzulu ubunge ili ashughulikie afya yake. Mwaka 2013 yeye na mume wake walianzisha taasisi ya kupigania kupunguzwa kwa mauaji ya bunduki, na tangu hapo amesimama mbele ya watu mara nyingi, akisema kwa sentensi fupi alizozifanyia mazoezi. Afasia yake haijaisha.

Najua utasema yeye alikuwa na hospitali kubwa na pesa, na sisi hatuna. Ni kweli. Lakini angalia jambo moja ambalo halinunuliwi: hakurudi kwenye kazi ileile, alipata kazi nyingine inayolingana na maneno aliyobaki nayo, na watu waliomzunguka walimpa muda wa kuyasema.

9. MBELE YA OFISI

Kwa sisi wakimbizi, maneno ya mtu yanaandikwa kwenye faili. Katika uhakiki na katika mahojiano tunaulizwa majina, tarehe, idadi ya watoto, njia tuliyopita. Haya ndiyo hasa yanayovurugika kwa mwenye afasia. Anaweza kusema "wanne" akimaanisha sita, "mke" akimaanisha dada, 1996 akimaanisha 2006. Asiyejua anaweza kudhani mtu anadanganya. Kwa hiyo fanyeni haya mapema:

- Ombeni kituo cha afya kiandike karatasi inayosema mgonjwa ana afasia, ilianza lini na inamzuia nini.
- Kabla ya siku ya mahojiano, peleka karatasi hiyo kwenye ofisi inayoshughulikia watu wenye mahitaji maalumu, ili hali yake iingizwe kwenye kumbukumbu. Ulizeni pia kama mtu mwingine wa nyumbani anaweza kuandikishwa kumchukulia chakula.
- Ombeni muda mrefu zaidi, chumba chenye utulivu, na mkalimani wa lugha anayoielewa vizuri zaidi.
- Ombeni aingie na mtu anayemwamini, ambaye amezoea kumwelewa.
- Njooni na kadi na karatasi zote, pamoja na daftari la picha.
- Kama amejibu kinyume, mwambieni afisa palepale: "Neno hili amelikosa, tafadhali muulize tena kwa njia nyingine." Msingoje mpaka faili limefungwa.

Anayemsindikiza naye ana mipaka. Kazi yake ni kusaidia neno la mgonjwa lifike. Akianza kujibu kwa mawazo yake, amekuwa yule mdogo wa papa na cherehani. Na yako mambo ambayo mgonjwa hataki ndugu wasikie. Muulizeni kwanza, kwa ndiyo na hapana, anataka nani aingie naye. Kama ni mwanamke na mambo ya kusemwa ni ya siri, anaweza kumtaka mwanamke mwingine badala ya mume au mtoto.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unazitaka nchi ziwape watu wenye ulemavu msaada wanaouhitaji ili waamue mambo yao wenyewe. Kwa hiyo kuomba muda na msaada si kuomba upendeleo. Na kumbukeni, huduma za ofisi hizi kwa mkimbizi ni za bure. Atakayedai pesa ili "akusaidie faili la mgonjwa", msimlipe, toeni taarifa.

10. ANAYEMTUNZA NAYE ATUNZWE

Mara nyingi ni mke, mama au binti. Anaamka mapema, anaogesha, anapika, anakwenda kuteka maji na kutafuta kuni, na jioni hana mtu wa kuongea naye, kwa kuwa yule aliyekuwa akiongea naye sasa hana maneno. Wapo wanaosema kwa siri, "Mume wangu yupo, lakini nimekuwa kama mjane." Hiyo si dhambi. Ni uchovu na majonzi, na inafaa vitamkwe.

Watoto nao huguswa. Msichana mkubwa anaachishwa shule ili akae na mgonjwa. Jamani, gawaneni zamu. Jirani anaweza kukaa na mgonjwa saa moja, kijana anaweza kuteka maji, wanakikundi wanaweza kuja kuimba naye Jumatano. Yule binti katika mfano wetu alimsaidia baba yake kwa sababu shule ilimpa utulivu na daftari. Asiachishwe.

Mgonjwa mwenyewe anaweza kupata huzuni nzito. Akikataa chakula, akikosa usingizi kwa wiki mbili, akijitenga au akionyesha kutaka kujiua, mpeleke kituo cha afya. Huzuni hiyo inatibika, na anayemtunza akiwa na dalili hizo naye aende.

11. KUZUIA KIHARUSI KINGINE

Aliyepata kiharusi mara moja yuko katika hatari ya kukipata tena. Presha ndiyo adui wa kwanza, na mara nyingi haina dalili. Ikipimwa mara kwa mara na kukutwa 140/90 au zaidi, ni ya juu. Meza dawa kila siku kama ulivyoelekezwa, hata ukijisikia mzima. Zikikaribia kuisha, nenda kituoni kabla hazijaisha. Chumvi yote ya siku kwa mtu mzima isizidi kijiko kidogo kimoja cha chai. Acha tumbaku, punguza pombe, tembea kila siku. Mwenye kisukari afuate matibabu yake.

MASWALI YA KUJADILIANA

Someni somo hili katika kikundi, kisha mjibu:
1. Kwa nini mgonjwa anaweza kuimba wimbo mzima lakini akashindwa kusema anataka nini?
2. Neno "kesho" la yule papa lilieleweka vibaya kwa sababu gani? Wewe ungefanya nini kabla ya mnunuzi kuja?
3. Taja kazi moja ya hapa kambini. Ivunje vipande. Mwenye afasia anaweza kipande kipi?
4. Katika bloku yenu kuna mtu ambaye siku hizi haongei na hatoki nje? Nani atakwenda kumsalimu wiki hii, na atakaa naye dakika ngapi?

Swali la nne lisiachwe bila jina la mtu. Na ukiona dalili tulizozitaja, au ukitaka kuonyeshwa namna ya kutengeneza daftari la picha, mwone mhamasishaji wa afya wa bloku yako.